Fedha Zetu Wenyewe

Haya tunayoandika hatukupenda yajulikane, na kwa muda mrefu tuliyaficha hata kwa wenzetu wa ushirika. Lakini familia mbili tunazozifahamu huku Uingereza zimetujia na swali lile lile: baba ametoa akiba yake ya pensheni, na sasa barua ya uhakiki imefika nyumbani, wafanye nini? Basi ni afadhali tuseme yaliyotupata.

Sisi ni watu wa Muheza, mkoa wa Tanga. Katika nyumba yetu mama ni muuguzi, baba alikuwa akifanya kazi katika ghala la vyakula, na tuna watoto wawili, binti mkubwa na mvulana anayemfuata. Miaka ya kwanza vibali vyetu vilitukataza kupokea misaada ya serikali, wala hatukuihitaji. Mwaka 2021, wakati tulikwisha kupata ruhusa ya kuishi huku moja kwa moja, baba watoto alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ulilegea na kazi ya ghalani ikaishia hapo. Mama naye akapunguza zamu hospitalini ili amhudumie. Mshahara uliobaki haukutosha pango na chakula, ndipo tukaomba msaada uitwao Universal Credit, ambao hutolewa kwa watu wenye kipato kidogo, wawe na kazi au wasiwe nayo.

Msaada huo una sheria moja ambayo kila mama anayeupokea aijue kama anavyojua tarehe za chanjo za mtoto. Akiba ya mume na mke huhesabiwa pamoja. Ikiwa haizidi pauni 6,000, hawaigusi. Ikizidi hapo, kila pauni 250 za ziada, au sehemu yake, huhesabiwa kama zinawaingizieni pauni 4.35 kwa mwezi, na kiasi hicho hukatwa. Ikipita pauni 16,000, msaada wote hukoma. Sisi sheria hiyo tuliisoma siku ya kujiandikisha, tukaisahau, kwa kuwa mtu asiye na akiba huona haimhusu.

Kumbe akiba tulikuwa nayo. Kazini baba watoto alikuwa akikatwa mchango wa pensheni kila mwezi, na mwajiri akiongeza wake. Tangu Aprili 2015 sheria ya Uingereza inamruhusu mwenye akiba ya namna hiyo kuitoa yote kwa mkupuo akifikisha miaka 55 (kuanzia Aprili 2028 itakuwa miaka 57). Nyumbani Tanzania tuliwahi kusikia wafanyakazi wakililia fao la kujitoa, na hapa tukaona tumepewa bila kulia. Mwezi wa Oktoba 2023, baba watoto akiwa na miaka 56, alitia sahihi karatasi za kutoa zote, pauni 24,000.

Hazikufika zote. Robo yake, yaani pauni 6,000, haitozwi kodi ya mapato, lakini zile 18,000 zilikatwa kodi ya dharura, kana kwamba baba angepokea kiasi hicho kila mwezi wa mwaka. Tulipata 17,500 na ushei. Baadaye tulijaza fomu ya kudai tulichozidishiwa, na mwezi wa Januari zikarudi karibu pauni 5,400. Wengi hawajui kwamba fomu hiyo ipo. Ulizeni.

Tuwaambieni zilikwenda wapi. Malimbikizo ya pango na deni la kadi ya benki vilichukua 3,700. Kitanda cha kuinuka cha baba, jiko na mashine ya kufulia vilichukua 2,000. Na pauni 7,000 baba watoto alizituma Muheza kwa kaka yake, baba mkubwa wa watoto wetu. Sisi wengine nyumbani tulijua zimekwenda za kuezeka nyumba ya bibi, ambayo bati zake zilikuwa zimeoza. Kiasi hatukukijua, na hatukuuliza. Katika ndoa nyingi za kwetu fedha za kwa mama mkwe ni eneo ambalo mke hupita kwa kunyata.

Tena hatukutoa taarifa ofisini. Twasema wazi, kosa hili ni letu. Mpokeaji anatakiwa aeleze mabadiliko ya akiba yanapotokea, sisi tukajiambia kwamba hizi ni fedha zetu wenyewe, jasho la baba.

Barua ya uhakiki ilikuja Februari 2024. Walitaka taarifa za benki za miezi minne, za akaunti zote, za mume na za mke, pamoja na karatasi za pango na vitambulisho, kisha watupigie simu. Tulikaa jikoni, sisi na binti yetu ambaye ndiye mwenye kujua mambo ya kompyuta, tukizifungua kurasa. Pale katikati ya Oktoba tukaiona: pauni 7,000 kwa siku moja.

Kwenye simu mtumishi yule hakuwa mkali. Aliuliza kila kitu taratibu kama tunavyomhoji mgonjwa anayelazwa. Zilitoka wapi? Zilikwenda kwa nani? Kwa nini wakati ule? Baba watoto tangu augue huchelewa kupata maneno, na palipoulizwa kwa nini wakati ule alinyamaza muda mrefu sana.

Mwezi wa Aprili uamuzi ukaja. Walisema zile 7,000 tulizitoa mikononi mwetu ili tusipunguziwe msaada, kwa hiyo zitahesabiwa kama bado tunazo. Ukijumlisha na 4,000 zilizokuwa zimebaki na zile 5,400 za kodi iliyorudishwa, tulikuwa na pauni 16,400 machoni pa sheria. Tumepita mpaka. Msaada ulikatwa wote.

Akina mama, ilikuwa miezi mitatu migumu. Zile 9,400 zilizokuwapo kweli tukaanza kuzila kwenye pango. Mama akaongeza zamu za usiku, na binti akawa ndiye anayemsaidia baba kuvaa kabla ya shule. Wengine mtauliza, mbona mlikuwa na fedha benki? Ndiyo, tulikuwa nazo, na kila Ijumaa tulizitazama zikipungua. Jumamosi moja kwenye ukumbi wa kanisa, mahali ambapo kwa miaka tulikuwa tukiwagawia wengine mifuko ya chakula, mama mmoja wa Kiingereza alitushika mkono akatupa mfuko bila kusema neno. Tuliupokea. Sisi tulioagizwa kuwafariji wengine tuliona aibu, lakini tuliupokea.

Tulikwenda Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri bure. Mshauri alitueleza mambo mawili. La kwanza, tunao mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya, na wakikataa tunao mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza linalojitegemea. La pili ndilo lililotufungua macho: mtu anayelipa deni lake halali hahesabiwi kuwa amezitupa fedha, wala anayenunua vitu vya lazima kwa kiasi cha kawaida. Je, katika zile 7,000 kulikuwa na deni?

Kulikuwa nalo. Mwaka 2022 bibi alivunjika nyonga akapasuliwa, na ndugu walikubaliana kugawana gharama. Sisi hatukuwa na kitu. Baba mkubwa akakopa SACCOS, shamba lake likiwa dhamana, akalipa na sehemu yetu, shilingi milioni 9, ambazo kwa bei ya Oktoba 2023 zilikuwa karibu pauni 3,000. Karatasi za mkopo alikuwa nazo. Makubaliano yenyewe, kiasi na ahadi ya kurudisha, yalikuwa kwenye simu ya baba watoto, katika jumbe alizoandikiana na kaka yake.

Tukaomba simu. Baba watoto hakuitoa siku ile wala ya pili. Siku ya tatu aliiweka mezani akageuza kiti kutazama dirishani.

Jumbe za deni zilikuwapo, safi kabisa. Na mwishoni, katika ukurasa ule ule ambapo kaka yake anakiri kupokea malipo ya deni, palikuwa na maneno ya baba watoto mwenyewe: "Nakutumia zote wiki hii, za deni na za bati. Zikikaa benki huku watazihesabu na kutupunguzia."

Tulikaa kimya jikoni, sisi na binti, hatukutazamana.

Yaani ofisi ilikuwa imesema kweli. Si kweli yote, kwa maana bati za bibi zilioza kweli na deni lilikuwa deni, lakini nia waliyoisema ilikuwapo, tena kwa mwandiko wa mwenye nyumba. Na ushahidi wa kutuokoa ulikuwa kwenye karatasi moja na ushahidi wa kutushitaki.

Mzee mmoja wa ushirika wetu, mtu mwema aliyetusaidia sana, alishauri tukate ile picha kwa chini. "Hamsemi uongo," alisema, "mnanyamaza tu." Hatuwaambii kwamba tulimkemea. Tulilala na shauri lile usiku mbili. Binti angeweza kuikata kwa kidole kimoja, na pango la mwezi lilikuwa mlangoni.

Lakini katika uuguzi kuna jambo tulilofundishwa Tanzania na tukalikuta huku vile vile. Ukikosea kuandika kwenye jalada la mgonjwa, hufuti, hupaki rangi nyeupe, huchani karatasi. Unapiga mstari mmoja, maneno yabaki yakisomeka, unatia sahihi na tarehe. Anayekuja zamu ya asubuhi anatakiwa aone na kosa pia, kwa kuwa uhai wa mtu waweza kutegemea hilo. Miaka zaidi ya 20 tumewasimamia wanafunzi kwa kanuni hiyo. Tungewezaje kuivunja mezani petu mbele ya binti yetu?

Tulimwambia baba watoto kwamba tutapeleka zote. Alikasirika. Alisema tunamfanya mwizi wa jasho lake mwenyewe. Siku mbili hakula pamoja nasi, na mtu mwenye mkono mmoja dhaifu akila peke yake chumbani humwaga, nasi tulifua mashuka bila kusema. Siku ya tatu usiku, mama alipokuwa akijiandaa kwenda zamu, akasema, "Andikeni. Ila niandike mimi ile sehemu yangu." Akamtamkia binti, polepole, neno kwa neno: kwamba bati alizituma kwa sababu mama yake alinyeshewa, na kwamba aliharakisha kwa sababu aliogopa kuhesabiwa. Yote mawili. Sahihi aliiweka mwenyewe.

Majibu yalikuja Julai. Zile 3,000 walikubali ni deni, wakazitoa kwenye hesabu. Zile 4,000 za bati walizishikilia. Hesabu ikawa 13,400, chini ya mpaka, na msaada ukarudi pamoja na wa miezi ile iliyokatwa, isipokuwa pauni 130.50 kila mwezi kwa ajili ya akiba. Tukaandikiwa pia deni la fedha tulizozidishiwa tangu Oktoba, ambalo walilikata kidogo kidogo. Ile akiba ya kuhesabiwa tu, isiyokuwapo mkononi, hupunguzwa kila mwezi kwa kadiri ya makato yake, kwa hiyo haimkalii mtu milele. Posho ya ulemavu ya baba watoto haikuguswa kabisa, kwa kuwa haitazami akiba. Sisi tulitetemeka bure kwa ajili yake.

Jambo lililotuuma zaidi tulilipata kwa mshauri siku ya mwisho. Akiba ya pensheni ikiachwa humo humo kwenye mfuko wake, na mwenyewe hajafikia umri wa pensheni ya serikali (unaopanda kutoka miaka 66 hadi 67 kati ya 2026 na 2028), Universal Credit haiihesabu. Tungeweza kutoa kiasi cha madeni tu, mengine tukayaacha. Tena kuna huduma ya bure iitwayo Pension Wise, kwa watu wa miaka 50 na zaidi, inayomketisha mtu na kumweleza kabla hajatia sahihi. Sisi hatukuitafuta. Ninyi mlio huku, mpigieni simu kabla baba hajashika kalamu, na mwende wote wawili.

Nyumba ya bibi ina bati mpya, rangi ya kijani. Tuliletewa picha, bibi amekaa barazani. Baba watoto ameiweka ukutani karibu na kitanda chake.

Mwezi uliopita baba mkubwa alipiga simu kuomba fedha za mifereji ya kukinga maji ya mvua. Baba watoto alimwambia asubiri kidogo asikate simu, kisha akatuita jikoni, akatuomba tulete daftari.