Moyo Mpya wa Meli ya Kale

Nguvu ni kitu chema, lakini aghalabu hudai mwili wa kuibeba. Sijui mfano wa jambo hili ulio bora kuliko meli ya Victoria. Vipande vyake viliundwa Scotland na kiwanda cha Yarrow, vikaungwa Kisumu, na mwaka 1961 ilianza kazi ikiwa bibi wa ziwa, yenye vyumba vya daraja la kwanza ambavyo wengi wetu tuliviona kwa kuchungulia tu.

Mwaka 2014 ilisimama kwa ubovu. Mama yangu yu Bukoba. Ndizi na salamu zake zikawa zikija Mwanza kwa basi kupitia Biharamulo na kivuko cha Busisi, ndizi zikifika zimeiva na salamu zimepoa.

Mwaka 2020 ilirudi na injini mpya na jina refu, New Victoria Hapa Kazi Tu. (Jina la kale lilinitosha.) Gatini watu walisema sasa itaruka. La! Chombo kipasuacho maji hujiinulia wimbi, nalo hukua kasi ikuapo. Atakaye mwendo mara mbili hudaiwa nguvu mara nane, au hata zaidi. Tena nguvu hiyo haina budi kupita katika shafti, rafadha na mbavu za chuma. Visipokaguliwa hivyo kwanza, injini mpya ni adui aliyekaribishwa ndani.

Basi mama alipokubali kuvuka, sikuuliza saa za safari. Nilimwomba aisikilize sakafu. Alishuka Mwanza asubuhi, akasema, "Mwanangu, chai yangu haikumwagika." Kisha akadai mikungu yake mitatu itafutiwe mchukuzi.