Ukikwama Ziba, Ndipo Utamjua Tajiri Wako

Wewe mtoto wa mjini unayepanda basi la Mwanza, Ziba unaijua kwa sekunde 40 tu. Umeshapita Singida, umeteremka Sekenke roho juu, umeikata mbuga ya Wembere, Igunga imebaki nyuma. Kabla hujaiona Nzega yanatokea maduka, bodaboda chini ya mti, akina mama na beseni zao za karanga, kisha kwisha. Unarudisha kichwa kwenye kioo, unaendelea kuuchapa usingizi.

Hiyo ndiyo Ziba, wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Abiria wengi wanaoteremka hapa wana safari ya Nkinga, kwenye ile hospitali ya rufaa. Wengine wamekuja kwao, wanapokelewa na "mwangaluka" ya asubuhi au "mwadila" ya mchana, na mizigo inabebwa kabla hawajajibu.

Lakini wapo wanaoijua Ziba kwa siku nzima nzima. Hao ni madereva wa malori ya Isaka, Kahama, Mwanza, Rwanda na Burundi. Ukiona matawi ya mti yamepangwa lami mita mia nyuma ya semi-tela, jua kuna mtu kaumbuka.

Kukwama nchi hii ni jadi, bwana. Njia kuu ya misafara ya Bagamoyo ilipita kusini zaidi ya hapa, Tura hadi Tabora, halafu Ujiji. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimsaka Livingstone, alifika Tabora akakuta Mtemi Mirambo ana vita na Waarabu na njia ya Ujiji imefungwa. Jamaa alikaa Kwihara karibu miezi 3, mwisho ikabidi azungukie kusini.

Siku zile pagazi wa Kinyamwezi alibeba kama kilo 30 begani. Akiugua, wenzake waligawana mzigo na safari ikaendelea. Semi yenye tani 30 ni sawa na mapagazi 1,000 kwa mpigo. Hiyo ikizima, nani atagawana?

Na siku hizi inazimishwa na kitu unachoweza kukibeba kwapani. Wakubwa wetu waliendesha malori ambayo dizeli ilisukumwa na pampu ya chuma tupu. Likigoma, fundi analegeza paipu, anatoa hewa, ngoma inanguruma. Tangu Volvo ilipoleta FH mwaka 1993 na Mercedes-Benz ikaleta Actros mwaka 1996, mchezo umebadilika. Dizeli inapigwa kwa amri ya umeme kutoka kwenye kompyuta iliyofungwa ubavuni mwa injini, ambayo mafundi wetu wanaiita kontroli boksi. Yenyewe ndiyo inaamua dizeli kiasi gani iingie, na saa ngapi.

Malori hayo yalipokuwa mapya yalikuwa Ulaya. Yamekuja kwetu yakiwa watu wazima, yameshatembea kilomita ambazo hakuna anayejua hesabu yake ya kweli. Boksi limekaa kwenye joto na mtikisiko miaka 20. Lehemu za ndani zinapata nyufa nyembamba kama unywele. Injini ikipoa zinagusana, ikipata moto zinaachana. Ndiyo maana lori linawaka vizuri asubuhi, likifika mbuga ya Wembere saa saba mchana linazima kama mshumaa, likipoa linawaka tena. Dereva anadhani karogwa.

Dereva niliyemkuta Ziba alikuwa siku ya 2. Kichwa chake kilikuwa kizee, tela limejaa saruji. Taa ya injini iliwaka tangu Shelui, akavumilia, akazimikiwa hatua chache kabla ya maduka. Tajiri yuko Dar, anapiga simu kila nusu saa.

"We unataka kuniambia boksi limekufa lenyewe? Umeuza mafuta, sasa unatafuta pa kujificha!"

"Tajiri, shikamoo. Mafuta yapo, njoo upime."

"Nikija huko, nakuja na deiwaka. Funguo utamkabidhi yeye."

Hapo ndipo penye kasheshe lenyewe. Lori bovu ni hasara ya tajiri, lakini kazi inayoota mbawa ni ya dereva. Na mtu aliyeko Dar haoni kitu. Anasikia tu sauti ya mtu aliyeko porini.

Kijana mmoja wa karibu alikuwa ameshatoa hukumu baada ya kuchungulia mara moja: boksi limekufa, kuna mtu analo jingine, lete milioni kadhaa. Ukigeuza bei ile kuwa ng'ombe wa Igunga, unafungua zizi dogo. Dereva akakataa. Akampigia fundi umeme wa Nzega, mzee wa makamo, akaja na bodaboda, mita ya umeme mfukoni na taa moja ya kupimia.

Mzee yule hakugusa boksi kwanza. Alipima betri, volti 24 zipo. Akamwambia utingo apige stata, akaangalia kama umeme unaporomoka. Akafuata nyaya za ethi zilizofungwa kwenye chesisi, akazisugua kwa msasa. Akachomoa plagi kubwa ya boksi kutazama kama pini zina kutu ya kijani. Kumbe mabosi wengi wananunua boksi wakati ugonjwa ni waya wa ethi wa kutupwa!

Kisha akafanya jambo nililolipenda. Boksi hutoa volti 5 za kuendeshea sensa. Sensa moja ikipiga shoti inazivuta hizo volti chini, injini nzima inagoma, na boksi linasingiziwa kufa. Mzee alichomoa sensa moja moja, kila mara anapima. Alipomaliza zote volti 5 hazikurudi, na umeme wa kuingia ulikuwa safi. Hapo ndipo akasema: "Sasa limekufa kweli."

Dereva akampa simu aongee na tajiri. Mzee akamweleza kipimo kimoja kimoja, taratibu, kama daktari. Upande wa pili kukawa kimya. Halafu tajiri akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Kwa hiyo tunafanyaje, mzee wangu?"

Kinachofanyika ni hiki, na ukiwa na shemeji mwenye lori umkatie kipande hiki cha gazeti. Boksi la mtumba lazima namba zake zilingane na lile lililokufa. Hata zikilingana, lina kumbukumbu za lori la zamani: aina ya injini, kikomo cha mwendo, mengine hata namba za siri za nozeli na funguo. Ukilifunga hivyo hivyo, lori linaweza kukataa kuwaka, au likawaka likakosa nguvu na kufuka moshi. Kwa hiyo boksi bovu halitupwi. Linapelekwa kwa mtu mwenye laptopu ili kumbukumbu zihamishiwe kwenye jipya. Laptopu ikishindwa, fundi redio anang'oa kidude cha kumbukumbu chenye miguu 8 na kukihamisha kwa lehemu.

Tusiwashangae. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa na vita, karakana ya reli kule Tabora iligonga sarafu za dhahabu za rupia 15, kwa dhahabu ya Sekenke. Ukanda huu umezoea kujitengenezea.

Basi boksi likafungwa kwenye kanga, likapandishwa basi la Dar, likapokelewa na watu wa Gerezani, Kariakoo. Jipya likarudi kwa njia hiyo hiyo siku ya 5, pamoja na la zamani. Mzee akatoa nyaya za betri kwanza, ndipo akafunga. Stata moja, mbili, moshi kidogo, kisha sauti ikatulia.

Katika siku zote hizo utingo alilala chini ya tela akilinda saruji, na mama ntilie wa pale aliwalisha wote wawili kwa daftari: ugali, mlenda, asubuhi matobolwa na chai. "Kula mwanangu, tajiri wenu ataamka tu," alikuwa anasema. Deni lililipwa lote kabla gia haijaingia. Dereva aliondoka na funguo zake mwenyewe.

Kwa wenye malori: mtu akitaka kuchomelea tela lako, atoe nyaya za betri kwanza, umeme wa kuchomelea unaua boksi. Wasafishaji wasilielekezee pampu ya maji. Na dereva akipiga simu kutoka porini, uliza kwanza mita imesoma ngapi, matusi yatasubiri.

Nawe uliye kwenye basi, ukifika Ziba fungua jicho moja. Karanga za pale ni tamu, na sekunde 40 zinatosha kununua.