Sentimita Tano Zilikula Injini Yetu

Wasee, mmeniuliza sana mbona gari imeinuka siku hizi, eti imekaa kaa ya kubeba mahindi. Nitajibu mara moja tu.

Ile picha mliipenda, gari imelala chini kaa mjusi kwa jua? Wiki moja baadaye injini ilikufa. Na aliyeiua ni mimi.

Gari ni yangu na kasini yangu, lakini pesa nyingi ni yake. Fremu tulichomelea nyuma ya nyumba ya shosho, hapa Langas. Wazo lilitoka kwa Ron Champion, Mwingereza aliyeandika kitabu mwaka 1996 cha kujijengea gari la spoti kwa pauni 250. Yeye alitumia vipuri vya Ford Escort, sisi tukachinja Corolla DX ya zamani. Hizo pauni 250 sahau kabisa.

Shida ilianza na springi. Springi za gari nzito ukiziweka kwa gari nyepesi, inasimama juu na inarukaruka. Tukanunua shoki za mtumba zenye ringi ya kuzungusha: ukishusha ringi, gari inashuka. Kasini akapima chini ya sampu, akasema, "Buda, kumi na nne inatosha. Wacha hapo." Nikangoja aende kazini, nikazungusha mpaka tisa. Kwa kamera ilikuwa moto.

Sasa, hiyo tisa nilipima gari ikiwa tupu. Tukikaa wawili inakuwa saba. Na matuta ya mtaani mnayajua, kila mtu anajenga lake vile amejisikia. Nikagonga moja, kong! Nikadhani ni ekzosi. Taa nyekundu ya oili ikawaka, na hapa ndio naona aibu kuandika: nilisema wacha nimalize hii klipu kwanza. Kumaliza klipu, beringi za krenki zilikuwa zinalia kaa sufuria ya kokoto.

Kasini hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Nilikwambia ngapi?"

Miezi saba tukiweka pesa ya injini ingine. Siku ya kupima upya alikuja na mpira wa maji, ule mafundi wa mjengo hutumia kupata usawa, kwa sababu sakafu yetu imeinama na mimi sikuwahi hata kufikiria hiyo. Kila kiti tukaweka gunia la mahindi la kilo 50 na debe moja juu, jumla karibu 68, uzito wangu. Tangi nusu. Kila ukitoa jeki unasukuma gari mbele na nyuma kwanza, juu magurudumu hujishika kwa sakafu na gari inakudanganya iko juu. Bolti za bushi tulikaza mwisho, gari ikiwa imebeba uzito wake. Ile mikono ya chini ya suspensheni sasa imelala karibu sawa na ardhi. Nilipoishusha ilikuwa imepinda kuangalia juu, tairi ikiliwa upande wa ndani.

Na nyinyi watu wa Impreza msinicheke. Ile ya bluu na rimu za dhahabu mmeweka kwa simu, Colin McRae akishinda nayo Safari Rally mwaka 1997 ilikuwa imeinuliwa. Timu yenye pesa yote hiyo ilikuja Kenya ikaona barabara, ikapandisha gari. Mimi na simu yangu nikashusha.

Saa hii iko kumi na nne, na magunia ndani. Tulishuka nayo Iten mpaka Kerio juzi, zile kona zote, haikugusa popote. Kwa picha haikai vizuri, nakubali.

Kasini amepaka alama ya rangi nyeupe kwa ringi zote nne. Nikizungusha hata kidogo, ataona.