Tikolo Alibeba Timu, Lakini Nani Alimbeba Yeye?

Wasee, leo tuweke kando Arsenal na Shabana. Nataka tuongee kuhusu Steve Tikolo. Kama hilo jina halikuambii kitu, sikulaumu. Hapa Daraja Mbili kwa mitumba unapata jezi za mpira za kila aina, lakini ya kriketi ya Kenya mimi sijawahi kuiona hata moja.

Jamaa alikuwa mpigaji, na si wa mchezo. Kombe la Dunia 1996, Sri Lanka walituwekea mikimbio 398 kule Kandy, rekodi ya dunia wakati huo. Wengine wangekunja mkia. Tikolo akapiga 96 peke yake. Tulipoteza, sawa, lakini siku chache kabla ya hapo Kenya ilikuwa imewatoa West Indies jasho kule Pune: sisi 166, wao 93.

Halafu ikafika 2003. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Tikolo ndiye nahodha. Sri Lanka wakaletwa Nairobi Gymkhana wakachapwa kwa mikimbio 53. Zimbabwe pia wakaanguka. Ni kweli New Zealand walikataa kuja Nairobi wakihofia usalama, tukapewa pointi za bure. Lakini nusu fainali ni nusu fainali. India walitutoa Durban tarehe 20 Machi, na hata siku hiyo Tikolo alipiga 56.

Sasa sikiza. Tarehe 20 Machi 2011, miaka minane kamili baadaye, Kenya ilimaliza Kombe la Dunia kule Kolkata ikiwa imepoteza mechi zote sita. Katikati hapo kulikuwa na vita vya uongozi na wachezaji kugoma juu ya malipo. Tikolo akastaafu. Na 2013 akaitwa tena, akiwa na miaka 42! Mwanzoni mwa 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja.

Watu husoma hiyo ya miaka 42 kama sifa. Mimi naisoma kama aibu, na si aibu yake. Miaka kumi baada ya nusu fainali, bado tunamtafuta mtu yule yule? Wadogo wake walikuwa wapi? Nani aliwalea?

Hii kitu inanigusa kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Tangu hapo kila mteja wa mama pale sokoni ana ushauri mmoja: "Kijana, una kipaji, hiyo simu itakutoa." Wanamaanisha vizuri, na mimi huitikia, "Asante mzee." Lakini Tikolo alikuwa na kipaji kuliko sisi wote, nidhamu pia, na mikimbio zaidi ya 3,400 kwa mechi za siku moja. Bado mchezo wenyewe ulimporomokea mikononi.

Kwa hivyo mimi siamini tena hii story ya kipaji pekee. Nimejiunga na wenzangu wawili: mmoja anashika kamera, mwingine anahariri, pesa kidogo ikiingia tunagawa mbele ya wote na kuandika. Na kuna dogo wa Form Three tunamfundisha kila Jumamosi. Siku nikichoka, asitafutwe mzee.

Wewe je, nani anajifunza kutoka kwako saa hii?