Mzee wa Saa Tisa

Nilianza kazi katika nyumba ya kulelea wazee kusini mwa London mwaka 2002, miezi michache baada ya kutoka Tanga, nikiwa na Kiingereza cha shule na koti la kuazima. Kazi yenyewe haikunishinda, maana nilishamuuguza bibi yangu mpaka mwisho: kuogesha, kugeuza, kulisha, kubadilisha mashuka, kusikiliza hadithi ileile mara ya tano kama vile ni ya kwanza. Kilichonitesa ni lugha. Kiswahili kina "yeye" mmoja tu, awe mwanamume au mwanamke. Kiingereza hakikubali. Kabla hujamaliza sentensi kinataka kujua huyo unayemsema ni wa kiume au wa kike. Nikisema haraka haraka, mabwana walikuwa wanawake na mabibi walikuwa wanaume, na wenzangu wa zamu walicheka mpaka wakazoea.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mgeni mmoja. Kichwani mwangu nilimwita Mzee wa Saa Tisa, kwa sababu kila siku, mvua inyeshe au theluji ianguke, saa tisa alasiri alikuwa mlangoni, gazeti kwapani, koti limepigwa pasi, tai shingoni. Alikuja kumwona mzee wa chumba namba 4. Siku ya kwanza nilimwambia kwamba mtu wake amelala, nikamtaja kwa neno la kike. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akasema: "Wewe unakosea kwa kutojua. Mimi nilikosea hivyohivyo miaka arobaini, kwa makusudi."

Nikadhani ni mzaha wa Kizungu, ile mizaha yao ambayo unacheka kwanza, maana unaitafuta baadaye.

Ilikuwa kawaida yake kumnyoa. Kunyoa ilikuwa kazi yetu, imeandikwa kwenye karatasi ya huduma, lakini mzee wa namba 4 alishapoteza kumbukumbu nyingi na ukimkaribia na wembe alikupiga mkono. Basi tulimwachia mgeni. Alikoroga sabuni kwenye kibakuli cha mbao, kwa brashi yenye mpini uliopasuka na kufungwa uzi. Akapaka povu taratibu, shavu hili, shavu lile. Akainua ncha ya pua kwa kidole ili wembe upite juu ya mdomo, na mwenziwe, ambaye hakukumbuka hata jina la mji wake, alifumba macho na kunyanyua kidevu kabla hajaambiwa. Siku moja nilisimama mlangoni na mashuka mkononi nikawatazama. Nikajiambia, hii si mikono ya rafiki. Kisha nikaenda zangu, kwani ndivyo tulivyolelewa: jambo la mtu ukiliona, lisitiri.

Nilikotoka kusitiri ni adabu. Mtaani kwetu Ngamiani palikuwa na mwanamume mmoja mpishi wa maharusi, bingwa wa pilau, na kwa kupamba chumba cha bibi harusi hakuwa na mpinzani. Alikaa jikoni na wanawake na tulimwita shoga. Sisi wanawake wa pwani huitana hivyo kwa mapenzi, shoga yangu umeshindaje, shoga njoo tule. Neno hilohilo akitupiwa mwanamume barabarani ni tusi, na siku nyingine hufuatwa na jiwe. Yeye alijua mpaka uko wapi. Alipotuchekesha, alikula nasi. Alipokasirika, hata kama haki ilikuwa yake, palitokea mtu wa kumkumbusha yeye ni nani. Hakuna aliyemuuliza anaishi na nani, anaugua nini, nani atamzika, na tuliona kutouliza kule ni wema wetu. Sheria nayo ilikuwepo, na ipo: kifungu cha 154 cha kanuni ya adhabu ya Tanzania, ambacho adhabu yake hufika maisha. Mzizi wake ni kanuni waliyotuletea Waingereza. Siku hizi tunaitetea kama urithi wa babu.

Mzee wa namba 4 alifariki Februari 2004, usiku, kwenye zamu yangu. Faili lake lilikuwa na mahali pa kuandika ndugu wa karibu, na pale palikuwa na jina la mpwa wake anayeishi kaskazini, ambaye katika muda wangu wote sikuwahi kumwona. Meneja akampigia mpwa. Mzee wa Saa Tisa hakupigiwa na mtu, kwa kuwa katika karatasi zetu alikuwa mgeni, na wageni hawapigiwi.

Kesho yake saa tisa akaja na gazeti lake.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Mpwa alikuja asubuhi na gari, akatia vitu katika mifuko minne myeusi, akaiacha stoo aifuate mwisho wa juma. Nilimpa habari pale pale ukumbini, karibu na mashine ya chai. Hakulia. Alishika ukuta, akauliza ilikuwa saa ngapi, nikamwambia. Kisha akaniomba kitu kimoja tu, ile brashi ya kunyolea. Akasema ni yake, aliinunua Brighton. Nilijua ni yake, nimeiona mkononi mwake siku mamia. Nikamwambia vitu vyote sasa ni vya mpwa, lazima aombwe yeye, ndio utaratibu wa nyumba. Na baada ya hapo, Mungu anisamehe, nikamsogezea daftari la wageni asaini muda wa kutoka. Daftari lilikuwa na safu ya uhusiano. Akaijaza kwa mwandiko mzuri wa kizamani: rafiki.

Wiki tatu baadaye mume wangu alifiwa na mjomba wake, Muheza. Mjomba yule nilimwona mara moja katika maisha yangu, siku ya harusi yetu, na sikumbuki kama tulisalimiana. Nikapewa siku tatu za msiba. Fomu ilikuwa na mstari wa uhusiano, nikaandika "mjomba wa mume wangu", ikapita bila swali. Zamu nzima ilisaini kadi ya pole yenye picha ya maua meupe. Niko nyumbani nakunywa chai siku ya pili ya msiba wa mtu nisiyemjua, ndipo lile daftari likanijia. Siwezi kusema nilizinduka. Nilijisikia kama mtu aliyepewa chenji ya ziada dukani akaitia mfukoni, na sasa anapita mbali na duka lile.

Kuanzia hapo nikawa najihesabia, kama mchezo. Mara ngapi kwa siku nasema "mume wangu"? Kwa dereva wa basi, kwa meneja, kwa bibi wa namba 11 niliyekuwa namsuka nywele. Picha ya harusi ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati langu la kazini, mimi na hina hadi viwikoni. Hakuna aliyewahi kuniambia najitangaza. Jumatatu wenzangu wakiniuliza nilifanya nini mwisho wa juma, nilijibu huku navaa sare, sikupima neno. Ndipo nikaelewa ile miaka arobaini. Kila Jumatatu, katika benki alikokuwa karani, Mzee wa Saa Tisa aliulizwa swali hilohilo, na kila Jumatatu alimgeuza mwenziwe kuwa mwanamke kwa neno moja dogo ambalo lugha yangu haina.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuandikisha wenza wa jinsia moja Novemba 2004, na England ikaanza kufungisha Desemba 21, 2005. Siku ile televisheni ya sebuleni ilimwonyesha Elton John na mwenziwe wakitoka ukumbini kule Windsor. Wazee walitazama wakila biskuti. Mimi nilihesabu kwa vidole toka Februari ile: miezi ishirini na miwili.

Haya yote hayakunizuia kununa Jumamosi ya Julai 1, 2006. Joto lilikuwa kali, nimetoka zamu ya usiku iliyorefushwa hadi mchana, na basi langu lilikwama kwa sababu katikati ya mji pamefungwa. Mwaka ule maandamano ya wapenzi wa jinsia moja wa Ulaya nzima yalifanyika London, na yalipewa Oxford Street. Mama mmoja wa Kighana aliyekaa pembeni yangu akasema, mbona sisi wenye waume hatufungi barabara? Nikamwitikia, tena kwa moyo wote. Dada yangu naye alishaniuliza kwenye simu, eti hao Wazungu wana sherehe ya kiburi? Kwa Kiingereza neno ni moja, linabeba kiburi na fahari kwa pamoja, nami wala sikujishughulisha kumtenganishia.

Dereva akafungua milango tushuke. Nje ya basi, kila gari lililokwama lilikuwa na bendera mbili nyeupe zenye msalaba mwekundu. Ilikuwa Kombe la Dunia, na saa kumi jioni England ingecheza na Ureno robo fainali. Bendera zilikuwa madirishani kwa wiki nzima na zaidi, kwenye baa, kwenye mikokoteni ya watoto, na kwenye nyumba yetu ya wazee mzee mmoja alivikwa kofia ya msalaba bila kuulizwa. Wanaume wamejipaka rangi usoni, vifua wazi, wanakumbatiana na watu wasiowajua. Hakuna aliyewauliza mnajionyesha nini, kwani lazima tujue? (Jioni ile walitolewa kwa mikwaju ya penalti, na nilipanda treni na majitu yaliyokuwa yakililia mabegani mwa majitu mengine. Abiria wote walitazama chini kwa heshima ya msiba.)

Nilikatiza kwa miguu hadi Oxford Street. Malori yaliyopambwa yalipita na muziki wa kutikisa mbavu, wanaume wenye manyoya vichwani, wasichana juu ya pikipiki, filimbi, na ile bendera ya rangi za upinde wa mvua, ambayo ya kwanza ilitengenezwa na Gilbert Baker kule San Francisco mwaka 1978. Sitadanganya, mengine yalinifanya nigeuze uso. Kisha kikaja kikundi cha wazee, kimyakimya, wengine kwa viti vya magurudumu. Na katikati yao, koti limepigwa pasi, tai shingoni kwenye joto lile, yuko Mzee wa Saa Tisa.

Yeye ndiye aliyeniona kwanza, au tuseme aliiona sare. Maandamano yalikuwa yamesimama, kama yasimamavyo kila baada ya hatua kumi, akasogea hadi kwenye kizuizi cha chuma akanipa mkono. Nikaanza, "Ile brashi..." Akasema, "Nilinunua nyingine."

Ili kuziba kimya kile nikamuuliza swali la dada yangu, kwa adabu zaidi kidogo: wanasherehekea nini hasa? Akatazama saa yake. Akasema, leo ni Julai 1. Maandamano yao ya kwanza London yalikuwa Julai 1 pia, mwaka 1972, watu kama elfu mbili, kutoka Trafalgar Square hadi Hyde Park, polisi wametanda. Sheria ilikuwa imelegezwa miaka mitano kabla, 1967, lakini iliwaruhusu faraghani tu, wanaume wawili waliotimiza miaka 21, mlango umefungwa. Mwenziwe alikuwa mwalimu wa hisabati. Picha moja gazetini, kazi imekwenda. Kwa hiyo walikubaliana aende mmoja.

"Niligeuka nikamwona," alisema. "Yuko kando ya barabara, na mfuko wa sokoni mkononi, kama mtu aliyetoka kununua viazi. Alitembea sambamba nami njia nzima. Tukisimama, naye anasimama, anajifanya anatazama madirisha ya maduka. Mara moja nilimkuta anachunguza viatu vya kike."

Akacheka kile kicheko chake cha kufuta macho. Jioni ile, alisema, hawakuongea mpaka chai ilipomiminwa. Ndipo mwalimu akasema, "Ulitembea vizuri." Hawakulizungumza tena. Kila mwaka alioandamana, mwenziwe alikuwa pembeni na mfuko, hata alipostaafu na hapakuwa na kazi ya kupoteza. Alishazoea kuwa pembeni.

Filimbi zikapigwa, mbele wakaanza kusogea. Alinionyesha nafasi kati yake na mzee wa kiti cha magurudumu, akasema kizuizi kile pale kina upenyo, kama nataka. Nikatazama kamera. Nikafikiria picha ikifika Tanga kabla yangu, nikafikiria chama chetu cha kufa na kuzikana, mume wangu akiulizwa msikitini Ijumaa. Nikamwambia nimechoka, nimetoka zamu. Akainua kofia.

Sikwenda kituoni, hata hivyo. Nilishika mfuko wangu, wenye ndala na chombo cha chakula, nikatembea kando ya barabara sambamba na kofia ile, nikipenya kati ya watu. Niliipoteza, nikaiona tena. Walipofika karibu na njia panda wakasimama. Nikasimama. Akageuka kutafuta, nami nikawahi kutazama dirishani. Palikuwa na masufuria, nusu bei.