Mashine Mbili, Damu Moja

Nimekuwa kimya kidogo hapa. Sababu ni kwamba niliitwa kwenye maabara moja huku Nyamasaria niwasaidie kulinganisha mashine mbili za kupima damu: ya zamani, na mpya iliyoletwa kwa majaribio. Mimi ni mtu wa programu, hata kudunga sindano sijui. Yangu yalikuwa tarakimu.

Mashine nyingi za aina hii hutumia wazo la Mmarekani Wallace Coulter, aliyepata hataza mwaka 1953. Seli hupita moja moja kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme, na kila inayopita huuzuia umeme kidogo. Mashine huhesabu vizuizi hivyo. Ni kaunta tu, jamani! Hemoglobini hupimwa kando: seli hupasuliwa kwa kemikali, kisha mwanga unapitishwa.

Tulipima sampuli 60 kwenye mashine zote mbili. Nikatia kwenye Excel, nikatafuta uwiano: 0.98. Nikamwambia mkuu wa maabara, "Mama, zinakubaliana."

Akatazama karatasi kimya, halafu akaniuliza, "Kijana wangu, mtoto huyu ni 4.4 huku, 3.8 kule. Aongezewe damu au asiongezewe?"

Nilikosa jibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto mwenye gramu 4 kwa desilita au chini yake aongezewe. Akiwa kati ya 4 na 6, hali yake ndiyo huamua. Na huku kwetu kando ya Ziwa, malaria imemaliza damu ya watoto wengi.

Kosa langu si geni. Bland na Altman walilieleza katika jarida la Lancet mwaka 1986: uwiano huonyesha kwamba vipimo viwili vinapanda na kushuka pamoja, sio kwamba vinalingana. Saa mbili zinazopishana dakika kumi daima zina uwiano kamili, lakini moja itakuachisha matatu. Dawa yake ni kutafuta tofauti ya kila jozi na kuichora dhidi ya wastani wa jozi hiyo.

Nilipochora, mashine mpya ilikuwa chini kwa takriban 0.6 karibu kila mahali. Tukapima damu ya marejeo ambayo thamani yake inajulikana. Kweli, mpya ndiyo iliyokosea. Fundi akairekebisha, nasi tukarudia sampuli upya.

Safari hii sikutaja uwiano. Nilimpelekea mama mchoro, naye akaanza kusoma pale chini, penye watoto.