Manahodha Wengi

Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari ya bweni. Zilikuwa zimebaki siku nne shule ifungwe, na ripoti za wanafunzi zaidi ya mia nne hazijakamilika. Walimu watatu walikuwa wakijumlisha alama, kutafuta wastani na kupanga nafasi, wakiongozwa na mwalimu wa taaluma, kijana aliyekuwa na miaka miwili tu kazini. Nilipoona wanachelewa, nilifanya jambo ambalo kila mkubwa huliona ni busara: niliwaongezea walimu saba. Kijana yule alinijia ofisini akasema kwa adabu, "Mzee, naomba utuache sisi watatu." Nikamjibu kwa ukali kwamba kazi haijapata kulalamikia wingi wa mikono.

Ripoti zilitoka wanafunzi wakiwa wamekwisha kwenda makwao. Baadhi yao walipewa nafasi za wenzao, maana daftari la alama lilikuwa moja na kila mkono uliandika humo. Nilimpa kijana yule barua ya onyo.

Mjukuu wangu anasomea uhandisi wa programu za kompyuta. Likizo iliyopita nilimwomba anifundishe misingi ya masomo yake. Alianzia Oslo, Norwei, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula 67, mwaka 1967. Katika lugha hiyo programu hujengwa kwa vitu vingi vidogo, kila kimoja kikiwa na habari zake na kazi zake. Vitu hivyo hutokana na klasi.

"Klasi ni kama kalibu, Babu, na kitu ni tofali," alisema. "Mwanafunzi ni kalibu; Asha na Juma ni matofali."

Akaongeza kuwa habari zilizo ndani ya kitu haziguswi ovyo na walio nje. Anayezihitaji huomba, na kitu chenyewe humjibu.

"Basi ni kama stoo ya shule," nikasema. "Mwalimu haingii kujichotea chaki. Humwomba mtunza stoo, naye ndiye ajuaye kilichobaki."

Alicheka akasema nimefaulu jaribio la kwanza.

Siku ya pili tulifika kwenye usimamizi wa miradi. Alinieleza habari za Frederick Brooks, Mmarekani aliyeongoza utengenezaji wa programu kubwa ya OS/360 katika kampuni ya IBM, miaka ya 1960. Katika kitabu chake cha mwaka 1975, Brooks alieleza kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni hufundishwa na wale wale wanaotakiwa kufanya kazi, na njia za kuelewana huongezeka upesi kuliko watu wenyewe. Mjukuu wangu alichora nukta kwenye karatasi, akaziunganisha kwa mistari. Watu watatu, njia 3. Watu kumi, njia 45.

Nilizihesabu zile njia 45, kisha nikanyamaza. Wazee wetu walikwisha sema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo nimeifundisha miaka mingi, wala sikuwahi kudhani kuwa inanihusu.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba watu wengi ni balaa. Laiti mwanzoni mwa muhula ningeagiza kila mwalimu wa somo atunze na kukagua alama zake mwenyewe, kisha alete matokeo tu, kwenye fomu ya namna moja kwa wote, hata kumi wangefanya kazi bila kukanyagana. Hilo ndilo somo la wale wa Oslo. Mipaka hutangulia, mikono hufuata. Mimi nilileta mikono mahali pasipo na mipaka, kisha nikamwadhibu aliyenionya.

Kijana yule naye sasa amestaafu. Niliitafuta namba yake ya simu, nikampigia, nikamwomba radhi.

"Mzee wangu," alinijibu huku akicheka, "hayo mimi niliyasahau zamani."

Kisha, kabla hatujaagana, alinitajia tarehe ya barua ile.